Maonyesho ya Ng'ombe na Jinsi ya Kumchagua Fahali

Wasomaji wetu wa Ngulyati, na wa vijiji vingine vya Bariadi, wanajua maonyesho ya wakulima ni kitu gani. Mwaka 2018, na 2019, na tena 2020, sikukuu ya Nane Nane ya taifa zima ilifanyika Nyakabindi, katika wilaya yetu hii hii, na watu wengi walikwenda kutazama. Tangu hapo tumelisikia swali moja likirudi mara nyingi barazani: Ng'ombe wale wakubwa walipatikanaje? Nasi tukinunua fahali wa namna ile, je, zizi letu litafanikiwa? Swali hili si dogo, maana nyumba iuzayo mitamba wake watano ili kununua fahali mmoja, kisha fahali akafa, imepoteza mahari ya mtoto na karo ya shule kwa siku moja. Basi tumeona vema kuwaeleza habari za mashindano haya tangu asili yake.

Desturi ya kuwashindanisha mifugo kwa zawadi ilisitawi kwanza Uingereza. Huko palikuwa na mtu mmoja, Robert Bakewell, aliyekufa mwaka 1795. Yeye alitenga madume na majike, akachagua wazazi kwa makusudi, ili ndama na kondoo wawe na umbo alilolitaka. Zamani za kabla yake wafugaji wengi waliacha wanyama wajipandie ovyo malishoni. Watu walipoona faida ya kazi yake walianza kushindana, na mwaka 1839 chama kikubwa cha wakulima wa Uingereza kilifanya maonyesho yake ya kwanza katika mji wa Oxford.

Lakini tangu mwanzo palikuwa na upuuzi ndani yake. Palikuwa na maksai mmoja aliyeitwa Durham Ox, aliyezaliwa mwaka 1796, mnene kupita kiasi, hata uzito wake ulizidi kilo 1,000. Mwenyewe alimtia katika gari lililotengenezwa kwa ajili yake, akamzungusha mji kwa mji, watu wakilipa fedha ili wamwone. Akatembezwa hivyo miaka kama sita. Mwaka 1807 alipokuwa akishushwa garini alijeruhiwa nyonga, asipone, ikawa lazima achinjwe. Mnyama yule hakuvuta plau, wala hakuzaa, kwa kuwa alikuwa maksai. Kazi yake ilikuwa kutazamwa tu.

Mambo hayo yalifika Afrika ya Mashariki pamoja na walowezi. Mwaka 1901 walifanya chama cha kilimo huko Nairobi, na mwaka 1902 wakafanya maonyesho yao ya kwanza, na chama kile ndicho kilichokuja kuwa chama cha maonyesho cha Kenya. Walowezi walitaka ng'ombe na kondoo kama wale wa kwao. Bwana Delamere, aliyekaa Njoro, aliagiza kondoo na ng'ombe wa kigeni kwa fedha nyingi. Kwa macho, nchi ya Njoro ilikuwa nzuri, ina majani mengi, na hewa yake ni ya baridi. Ila udongo wake ulipungukiwa na madini fulani yapasayo mwili wa mnyama, na kondoo wakakonda hali wanakula. Ng'ombe nao walipigwa na homa ya mapafu, kisha na ndigana iletwayo na kupe. Alipata hasara kubwa mno. Wamasai wa jirani walikuwa wakizijua habari za nchi ile zamani, nao hawakupenda kulisha pale. Lakini nani aliwauliza? Baadaye Delamere alihamisha mifugo yake, tena akapandisha madume ya kigeni kwa kondoo wa Kimasai, na hapo ndipo alipoanza kupata faida.

Huku kwetu, wakati wa Wadachi, serikali ilitengeneza maonyesho makubwa ya nchi nzima yafanyike Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1914, maana reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka ule ule, nao walitaka kuifurahia. Siku zilipokaribia, vita ikatokea Ulaya, na maonyesho hayakufanyika. Ng'ombe wa nchi hii hawakwenda kushindana. Walikwenda kuliwa na majeshi.

Mwaka huo huo wa 1914, mbali sana, mashindano mengine yalivunjika kwa sababu nyingine, nayo yatupasa kuifahamu zaidi ya ile ya vita. Mji wa Chicago, huko Marekani, ulikuwa na maonyesho ya mifugo yaliyoanza mwaka 1900, nayo yalisifiwa duniani kote. Katika 1914 ugonjwa wa midomo na miguu uliingia katika mazizi makubwa ya Chicago, mahali ambapo mifugo ya majimbo mengi hukutana, na kwa njia ya reli ukaenea kwa muda mfupi katika majimbo zaidi ya 20. Ng'ombe wa maziwa wenye thamani kubwa, waliokuwa wamekusanywa kwa maonyesho mengine mjini, walishikwa na ugonjwa, ikawalazimu kuzuiwa huko huko. Mifugo zaidi ya 170,000 iliuawa ili kuukomesha. Maonyesho makubwa hayakufanyika mwaka ule, wala mwaka 1915. Ndugu mfugaji, hiyo ndiyo hatari ya kila mahali pakusanyapo wanyama wa mazizi mengi, ikiwa ni uwanja wa maonyesho au ni mnada wa kila wiki.

Turudi sasa kwa ng'ombe wetu wa Usukuma, mwenye nundu na pembe fupi. Katika maonyesho ya siku zile, na hata leo, hatazamwi sana, maana mwili wake ni mdogo. Lakini tukumbuke alikotoka. Karibu na mwaka 1891 sotoka ilipita katika nchi hizi ikaangamiza ng'ombe wengi sana, hata watu waliokuwa matajiri wakabaki na zizi tupu. Wale waliosalia wakazaa, na wazao wao wakaishi katika kupe, na kiangazi kirefu, na mwendo mrefu wa kwenda lamboni na kurudi. (Sotoka yenyewe imekwisha, mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetoweka duniani.) Kwa maoni yetu, ng'ombe wa namna hii amekwisha kupita mtihani ambao mwamuzi wa uwanjani hawezi kuutunga kwa saa moja ya kumzunguka na kumpapasa mgongo.

Hatusemi kwamba ng'ombe wetu hawezi kutengenezwa. Huko Mpwapwa, mahali palipoanzishwa kazi ya uganga wa mifugo tangu wakati wa Wadachi, wataalamu walichanganya damu ya ng'ombe wa asili na damu ya ng'ombe wa Kihindi na kidogo ya Kizungu kwa miaka mingi, hata ikapatikana namna iitwayo Mpwapwa. Karibu nasi zaidi, Malya katika Kwimba, walipata mbuzi kwa njia hiyo hiyo, mwenye damu ya Kamorai ya Pakistani, na ya Boer ya Afrika ya Kusini, na ya mbuzi wetu. Angalieni kwamba katika kazi zote mbili damu ya mnyama wa asili haikutupwa.

Tena, wazee wetu wana sababu ya kumwogopa mgeni ajaye kuwahesabu na kuwapima ng'ombe. Baada ya mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ililazimisha watu wa Usukuma kupunguza mifugo yao, na amri ile ilichukiwa sana, hata ikaachwa kabla ya Uhuru. Mzee anayekataa kamba ya kupimia leo asichekwe na vijana. Anakumbuka aliyosimuliwa na baba yake.

Hata hivyo kamba ile ina faida, na waalimu waweza kuifanya somo la hesabu. Zungusha kamba kifuani mwa ng'ombe, nyuma ya miguu ya mbele, upate sentimeta zake. Kisha pima urefu tangu bega mpaka mwisho wa tako. Zidisha kipimo cha kifua kwa chenyewe, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua cha sentimeta 150 na urefu wa 125 atakuwa na kilo 260 au karibu yake. Si mizani kamili, lakini mchuuzi wa mnadani hatakudanganya sana.

Basi, fahali wa kuchagua ni yupi? Kwanza mtazame mama yake, kama yuko. Je, huzaa kila mwaka, au hukaa miaka miwili? Ndama wake hunywa wakashiba, na watoto wa nyumbani nao wakapata maziwa? Mwamuzi wa maonyesho haoni hayo, ila jirani wa mwenye zizi anayajua yote, muulize. Pili itazame miguu na kwato, maana fahali mwenye miguu mibaya hatafika majini mwezi wa Septemba, wala wanawe hawatavuta plau katika shamba la pamba. Tatu angalia meno: mwenye meno manane makubwa amekwisha kukomaa, asikuambie mtu kuwa ni kijana. Na unono usikushinde macho. Ng'ombe aliyelishwa pumba na mashudu miezi mitatu zizini hung'aa, naye akija kula majani makavu ya ngitili atakonda haraka kuliko yule uliyemdharau.

Tungependa sana siku moja kuona Nyakabindi zawadi ikitolewa kwa mtamba aliyezaa mara nyingi pasipo kupumzika, au kwa jozi ya maksai waliolima ekari nyingi kwa msimu. Maksai, hasa, hutuvunia pamba, wala hakuna awapigiaye makofi.

Ukiisha kumnunua fahali, usimwingize zizini siku ile ile. Omba kibali cha kumsafirisha kwa afisa mifugo, mpitishe joshoni, kisha mfunge mbali na wenzake muda wa wiki nne, akiwa na chombo chake cha maji. Mtoto amchungaye asitoke kwake akaenda moja kwa moja kukamua. Akikohoa, au akidondosha mate, au akichechemea, umwite mganga wa mifugo kabla ya kuwaita jamaa waje kumtazama.