Sarafu za Fedha za Mtambwe Mkuu

Katika mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo kando ya Pemba palipokuwa na mji wa kale, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Zilipigwa chapa ya majina ya watawala, lakini hazikuandikwa mwaka. Umri wake ulijulikanaje? Zilizikwa pamoja na dinari chache za dhahabu za ng'ambo zenye tarehe, na ya mwisho ni ya mwaka 1066. Basi, ndugu msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ukichimba msingi wa nyumba ukaona sarafu za kale, usizitawanye wala usimpelekee sonara aziyeyushe. Ziache papo hapo, ukawaarifu watu wa Makumbusho, Fort Jesus. Zikitenganishwa, habari zake hupotea.