Kahawa ya kutafuna ya Muleba na uchovu wa wanamichezo

WANAOUZA kahawa ya kutafuna Muleba na Bukoba huwahudumia wasafiri, madereva na wenyeji wanaokaribisha wageni. Mteja mwingine anayestahili kufikiriwa ni mwanamichezo, mradi asiuziwe ahadi za uongo.

Kahawa hiyo, inayoitwa akamwani kwa Kihaya, hutokana na matunda ya Robusta. Huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, huanikwa yakakauka, kisha huuzwa katika vifurushi vidogo.

Kwa upande mwingine, wanamichezo wengi duniani hununua vidonge vya antioksidanti, hasa vitamini C na E, ili kupunguza uchovu. Wauzaji hueleza kwamba misuli inapofanya kazi ngumu hutoa kemikali zinazoudhuru mwili, na vidonge huzizima.

Uchunguzi haujaunga mkono biashara hiyo. Mwaka 2017, taasisi ya Cochrane ilipitia tafiti 50 zilizohusisha watu 1,089. Ilibainika kuwa vidonge hivyo havipunguzi maumivu ya misuli baada ya mazoezi kwa kiasi ambacho mtu angekihisi.

Kuna hatari nyingine pia. Kati ya virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001 na kupimwa, 94 vilikuwa na homoni zisizotajwa kwenye lebo. Mwanamichezo akipimwa na kukutwa nazo, anaweza kufungiwa.

Kahawa nayo ina antioksidanti, lakini kinachopunguza uchovu ni kafeini. Kafeini huzuia ubongo kupokea ishara za uchovu. Robusta inayo karibu mara mbili ya Arabika. Tangu mwaka 2004, kafeini haimo katika orodha ya dawa zinazokatazwa michezoni.

Wataalamu hutaja miligramu 3 hadi 6 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mwili, saa moja hivi kabla ya mashindano. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 180 hadi 360. Hata hivyo, matunda ya kahawa hayalingani, hivyo muuzaji asimpangie mteja dozi. Ikizidi, kafeini huleta mapigo ya moyo ya haraka na kukosa usingizi. Haiwafai watoto, na wajawazito wanapaswa kuipunguza.

Kwa mkulima, faida iko katika usindikaji. Anayeuza kahawa kwa butura, ikiwa bado shambani, hupokea bei ya kutupa. Akitenga hata debe moja la kutafuna, huuza bidhaa iliyokamilika na bei huipanga mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia ni machache. Anika juu ya kichanja au turubai safi, si ardhini. Kahawa ikauke kabisa kabla ya kufungwa, kwa kuwa ukungu huzalisha sumu. Andika kwenye kifungashio kilichomo, uzito na tarehe. Masuala ya usalama wa chakula yapo chini ya TBS tangu mwaka 2019, na SIDO husaidia wajasiriamali katika vifungashio.

Usiandike kwamba kahawa yako ni dawa ya uchovu. Mwanamichezo aliyechoshwa na lebo za uongo atarudi kwa muuzaji ambaye kahawa yake ni safi na maelezo yake ni ya kweli.