Majeraha ya ngozi kutokana na vifaa kinga

Majeraha ya ngozi kutokana na vifaa kinga ni michubuko, vidonda, vipele na ukavu wa ngozi vinavyowapata wahudumu wa afya wanaovaa barakoa, glavu, miwani na magauni ya kujikinga kwa muda mrefu. Mara nyingi majeraha hayo ni madogo, lakini wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza yanaweza kuwa mlango wa virusi.

Sababu

Barakoa na miwani iliyobana hukandamiza ngozi na kupunguza damu inayofika hapo. Kamba zake husugua ngozi kila mvaaji anapozungumza au kugeuza kichwa. Jasho lisilopata pa kutokea hulainisha ngozi, nayo huchubuka kwa urahisi. Kunawa mara kwa mara kwa sabuni au maji yenye klorini huondoa mafuta ya asili ya ngozi, hivyo mikono hukauka na kupasuka. Sehemu zinazoumia zaidi ni daraja la pua, mashavu, paji la uso, nyuma ya masikio na mikono.

Milipuko ya Kagera

Tatizo hili lina uzito wa pekee katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako ugonjwa wa virusi vya Marburg umezuka mara mbili. Mlipuko wa kwanza, katika Wilaya ya Bukoba, ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 na kumalizika tarehe 2 Juni. Waliougua walikuwa 9, wakiwemo wahudumu wa afya 2. Watu 6 walifariki dunia. Mwezi Januari 2025 washukiwa waliripotiwa katika wilaya za Biharamulo na Muleba. Mlipuko wa pili, uliokuwa na kitovu chake Biharamulo, ulimalizika tarehe 13 Machi 2025 baada ya vifo 10.

Virusi vya Marburg huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa. Huingia mwilini kupitia macho, pua, mdomo au ngozi iliyochubuka. Aidha, muwasho au maumivu humshawishi mhudumu kusogeza barakoa au kujigusa usoni akiwa bado wodini.

Kinga

* Kuchagua vifaa vinavyomtosha mvaaji, visivyobana wala kulegea.
* Kufanya kazi kwa zamu fupi, na kuvua vifaa katika eneo maalumu tu, kwa utaratibu uliowekwa.
* Kukausha mikono kabla ya kuvaa glavu.
* Kupaka losheni baada ya kazi. Mafuta ya mgando yasitumiwe chini ya glavu za mpira, kwa kuwa huzidhoofisha.
* Plasta ikiwekwa chini ya barakoa, kuhakikisha hewa haipiti pembeni.
* Mwenye kidonda kibichi akifunike na kumwarifu msimamizi wake kabla ya kuingia wodini.