Anunuaye machimbo hununua na shimo lake

KAMPUNI ya Amsons ya Tanzania ilipoinunua Bamburi Cement ya Kenya mwishoni mwa mwaka 2024, mazungumzo ya wafanyabiashara na wenye hisa yalikuwa juu ya bei. Amsons waliahidi shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa, ofa iliyoipa kampuni nzima thamani ya shilingi bilioni 23.59. Mshindani wao, Savannah Clinker, alipanda hadi shilingi 76.55, kisha akajitoa mwezi Desemba. Holcim ya Uswisi, iliyokuwa na asilimia 58.6 ya hisa, ikauza, na hadi ofa inafungwa Amsons walikuwa wamepata zaidi ya asilimia 96 ya hisa zote.

Jambo lililozungumzwa kidogo ni ardhi. Anayenunua kiwanda cha saruji hanunui tanuri, maghala na malori peke yake. Hununua pia machimbo, yale yanayochimbwa bado na yale yaliyokwisha mawe. Shimo lililokwisha mawe haliingizi hata senti moja, lakini sheria inadai lirekebishwe. Kwa mwekezaji, huo ni mzigo unaostahili kupimwa kabla ya kutoa fedha.

Deni halihami na mwenye hisa

Kampuni ni mtu wa kisheria. Hisa zake zikibadili mikono, madeni hubaki pale pale ndani ya kampuni, na deni la kurekebisha machimbo ni mojawapo. Mwenye hisa wa zamani huondoka na fedha zake, na mwenye hisa mpya hukuta shimo linamsubiri. Hali ni tofauti pale mnunuzi anapochukua mali tu, kama vile kipande cha ardhi na mitambo, bila kuchukua kampuni. Hapo mkataba wa mauzo na masharti ya leseni ndiyo yanayoamua nani atalipa, na mkataba uliokaa kimya juu ya jambo hilo ni mwanzo wa kesi.

Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inadai mpango wa kurekebisha eneo pamoja na dhamana ya fedha ya kulinda mazingira. Kabla ya hapo, Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ilikwisha kuweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, ikaipa mamlaka ya mazingira, NEMA, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake.

Bamburi ilianza mapema

Kwa upande wa machimbo ya kale ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, mmiliki mpya alikuta kazi kubwa imekwisha fanyika. Kampuni iliundwa mwaka 1951 na kuanza kutoa saruji mwaka 1954, ikichimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Baada ya miaka michache likabaki jangwa jeupe, lisilo na udongo, na lenye maji ya chumvi karibu kabisa na uso wa ardhi.

Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo tangu 1959, alianza kujaribu miti. Kati ya aina 26 zilizopandwa ni tatu tu zilizostahimili: mvinje, mnazi, na Conocarpus, mti wenye asili ya Somalia na Yemen. Mvinje ndio uliobeba kazi. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaotwaa naitrojeni hewani, hivyo huweza kukua pasipo na rutuba.

Tatizo likawa majani yake, ambayo yalianguka na kulundikana bila kuoza. Dawa iliyopatikana haikuwa ya dukani: jongoo wenye miguu myekundu, wanaojulikana sana pwani. Walikusanywa wakaachiliwa humo, wakala majani makavu, na kinyesi chao kikawa mboji. Udongo ulipopatikana, miti mingine ikafuata, kisha mabwawa ya samaki, na wanyama kama pofu, viboko na twiga.

Mwaka 1984 eneo hilo likafunguliwa kwa watalii wanaolipa kiingilio, na mwaka 1987 Haller akatunukiwa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Leo linaitwa Haller Park. Lafarge ya Ufaransa iliingia Bamburi mwaka 1989, ikaungana na Holcim mwaka 2015, na sasa ni zamu ya Amsons. Wenye mali wamebadilika na msitu umebaki. Gharama iliyolipwa miaka ya sabini haikudaiwa tena na mnunuzi yeyote kati ya hao.

Hesabu ya shimo

Machimbo mengi hayana bahati hiyo. Kanuni za kimataifa za uhasibu, hasa ile iitwayo IAS 37, zinaitaka kampuni iandike katika mizania yake kiasi kilichotengwa kwa ajili ya kurekebisha eneo. Kiasi hicho huandikwa kwa thamani ya leo, na hapo ndipo mwekezaji mdogo huweza kupotea njia.

Chukua mfano wa machimbo yatakayohitaji shilingi milioni 100 yatakapofungwa baada ya miaka 20. Mhasibu akitumia kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, mizania itaonyesha deni la shilingi milioni 14.9 tu. Akitumia asilimia 5, deni hilo hilo linakuwa milioni 37.7. Na mmiliki mpya akiongeza kasi ya kuchimba, mawe yakaisha baada ya miaka 10 badala ya 20, basi hata kwa kiwango cha asilimia 10 deni linaruka hadi milioni 38.6. Shimo ni lile lile. Kilichobadilika ni kiwango na tarehe.

Kuahirisha nako kuna bei yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kampuni inayorekebisha kipande kwa kipande huku ikichimba hutumia mitambo na wafanyakazi ambao tayari wapo kazini, na hulipa kutokana na mauzo ya siku hizo. Inayongoja mpaka mwisho hulipa wakati mauzo yamekwisha na mitambo imeondoka.

Ya kuulizwa kabla ya kununua

Kwa mwenye hisa, na hata kwa mfanyabiashara anayetaka kununua timbo dogo la kokoto, maswali ni machache. Je, kinachouzwa ni kampuni au ni mali tu? Dhamana ya mazingira imewekwa, na kwa jina la nani? Mizania imetenga kiasi gani, kwa kiwango gani, na kwa miaka mingapi? Eneo gani limekwisha rekebishwa, na lipi bado? Na je, kuna jirani au mamlaka iliyokwisha kufungua shauri?

Majibu hupatikana katika maelezo yaliyo nyuma ya mizania, kurasa ambazo wengi huzifunika baada ya kusoma faida na gawio. Pale majibu yanapokosekana, mnunuzi mwangalifu hukadiria gharama ya shimo mwenyewe na kuikata katika bei anayotaka kutoa. Muuzaji akikataa punguzo hilo, basi na aonyeshe kwa maandishi nani atakayelipa.