Meseji Zinazojituma Zenyewe: Mteja Akubali Kwanza

Kama unashona sare za shule pale soko la Jericho, unajua Januari huwa aje: foleni ni ndefu, simu inaita, na hakuna nafasi ya kumwandikia kila mteja. Programu ya kampeni inaweza kukusaidia. Unaipanga mara moja, halafu inajiendesha.

Mpango wowote una vitu vitatu: tukio, muda wa kungoja na sharti. Tuseme mteja amelipa diposti kwa till yako. Hilo ni tukio. Meseji ya kwanza inampa asante na tarehe ya kuchukua nguo. Ukiweka alama kwamba nguo iko tayari, ya pili inaenda. Desemba, ya tatu inamkumbusha kuleta mtoto apimwe upya. Sharti: kama ameshaweka oda, asikumbushwe. Inaudhi kuitishwa kitu ulichokwisha kulipia.

Sasa, angalia tofauti. Meseji mbili za kwanza zinahusu nguo aliyolipia. Ya Desemba ni tangazo, na kulipa si kukubali matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ruhusa ya wazi kabla ya kutumia nambari ya mtu kibiashara. Na si mchezo: mwaka wa 2023, Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Hebu hesabu hizo ni cherehani ngapi.

Kwa hivyo, fanya hivi:

- Muulize mteja akilipa: "Naweza kukutumia meseji za ofa?" Andika jibu na tarehe. Akikataa, programu iishie meseji ya pili.
- Mpe njia rahisi ya kujitoa, bila malipo. Akijitoa, asipate tangazo tena.
- Usizidishe herufi 160, la sivyo utalipia meseji mbili. Ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70.
- Jitumie mwenyewe kwanza, uone kama jina na tarehe ziko sawa.
- Usiitishe PIN kamwe. Hata sisi hatuiitishi.

Anza na meseji ya "nguo iko tayari" pekee. Ikienda vizuri wiki mbili, ongeza nyingine.