Samaki pa parseli: pompa gani, na maji itembee namna gani?

Ilikuwa saa kumi na moja ya alfajiri, mtoto akagonga mlango: "Papa, samaki banatoa kinywa inje!" Tulikimbia na tochi. Tangi yetu ya litri 2000, ile tulijenga na sima nyuma ya nyumba, ilikuwa na tilapia 60 wa miezi mine. Umeme ulikatika usiku, pompa ikanyamaza, na sisi tulikuwa tumelala. Jua lilipotoka, tulihesabu 41 waliokufa. Wale tuliowakuta wangali wanahema, mama aliwakaanga siku ileile. Lakini tuseme kweli: ni feza ya minerval ya batoto njo ilikuwa inaogelea mule ndani.

Tangu siku hiyo, watu wa kamponi wanatuuliza juu ya pompa. Mmoja anafuga mu pipa, mwingine mu tangi ya plastiki, na jirani mmoja iko na kioo cha samaki wa rangi mu salon. Hesabu ni moja kwa wote.

Aliyewahi kutoa maji mu shimo la mine anajua hii kuliko muuza-duka: pompa haina nguvu moja. Maji ikipanda juu, wingi wake unashuka. Pa pompa yetu ya kwanza paliandikwa "litri 4000 kwa saa" na "mita 3". Tulifikiri tutapata vyote viwili pamoja. Sivyo. Litri 4000 ni pale maji inatoka bila kupanda hata kidogo. Mita 3 ni mwisho wa nguvu: pale maji inasimama mu tiyo, hakuna hata tone linatoka. Katikati ya hapo, pa mita moja na nusu, utegemee karibu nusu, na bado kona za tiyo zitakula yao.

Usiamini karatasi, upime. Chukua ndoo ya litri 20 na telefone ya kuhesabu segonde, weka ndoo pale maji inatokea. Yetu ilijaa kwa segonde 36, ni kusema litri 2000 kwa saa. Sasa, samaki anahitaji kiasi gani? Wale wanaofuga samaki wa bahari mu vioo, huko Ulaya na Marekani, wanazungusha maji yote mara 10, hata mara 20 kwa saa, kwa sababu matumbawe yamezoea mawimbi. Tilapia si mtu wa mawimbi. Kwake, maji yote yapite mu filtre mara moja kwa saa, inatosha. Ukimpa mkondo mkali, anashinda akipigana nao, na chakula unachonunua kinaisha mu mukia wake pahali pa kuwa nyama.

Tiyo nayo ina maneno. Wengi wananunua pompa kubwa halafu wanafunga tiyo nyembamba kwa sababu ni ya bei chini. Ukipunguza upana wa ndani nusu, na bado unataka maji ileile, msuguano unazidi mara karibu 30. Sisi tulitoa tiyo ya milimita 20 tukaweka ya 32, pompa ileile, na maji ikaongezeka mbele ya macho. Kona moja kidogo, tiyo fupi, hiyo ni feza ya bure.

Jambo la shaba, hapa kwetu, hatuwezi kulipita. Mukuba ilitulisha, lakini samaki hapendi mukuba. Inamuua, tena upesi zaidi mu maji laini isiyo na chokaa. Usifunge tiyo ya shaba wala robine ya shaba ya njano mu maji inayozunguka. Tumia plastiki. Na zile tangi nyeupe za litri 1000 zenye kuzungukwa na vyuma, zinazouzwa kando ya barabara: uliza zilibeba nini. Kama zilibeba asidi au dawa za kiwanda, hata uoshe mara kumi, usiweke mule samaki utakayelisha batoto.

Pompa ya kisima je? Wengi wanayo tayari. Ile ya wati 750, ikizunguka mchana na usiku, inakula kilowati-saa 18 kwa siku, na haikutengenezwa kufanya kazi bila kupumzika. Pompa ndogo ya kuzamisha, ya wati 40, inakula karibu kilowati-saa 1 tu. Chagua hii. Usiilaze chini kabisa pa tangi. Iinue juu ya matofali, mpaka katikati. Tiyo ikipasuka usiku, pompa itamwaga maji paka mpaka pale ilipo, na samaki watabaki na nusu ya kuishi. Kinywa chake kifunike na sponji, vinginevyo vitoto vya samaki vitapita mule kama nyama mu mashini.

Maji inayorudi, iache ianguke juu ya maji, ipasue uso wake. Pale njo hewa inaingia. Tukumbuke tuko juu: Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, Kolwezi inazidi hapo, na maji ya juu inashika hewa kidogo kuliko maji ya pwani. Elekeza tiyo kidogo kando ya ukuta, maji izunguke, na uchafu utakusanyika katikati, utauvuta asubuhi bila shida.

Turudi kwa ule usiku. Kosa letu halikuwa pompa mbaya, tulikuwa na njia moja tu ya hewa. Samaki anapumua mchana na usiku, na karibu na mapambazuko njo hewa inakuwa kidogo zaidi mu maji. Tulifanya hesabu ya batri ya gari, volti 12, ampea-saa 70. Ukitumia nusu yake ili usiiharibu, ni wati-saa 420. Kwa pompa ya maji ya wati 40, pamoja na kile kinachopotea mu mashini ya kugeuza umeme, inafika saa nane au tisa. Kwa pompa ya hewa ya wati 10 inayofanya kazi na volti 12 moja kwa moja, inafika saa 40. Basi umeme ukikatika, hatusukumi tena maji, tunasukuma hewa.

Na kama hauna batri, ndoo: teka, inua juu, mwaga, familia ibadilishane zamu. Usiwape chakula saa hizo. Umeme ukirudi kisha saa nyingi, kabla ya kuwasha, mwaga kwanza maji iliyolala mu filtre iliyofungwa. Inanuka yai bovu, na inaua wale waliopona.

Waya wa umeme uache ushuke chini ya prizi kisha upande, ili tone la maji lianguke sakafuni, lisiingie mu prizi. Weka dijonkteri ya miliampea 30. Na chomoa kabla ya kutia mkono mu maji, hata kama ni kwa segonde moja.

Sasa tuko tena na tilapia 50. Pompa ya hewa iko mu salon, karibu na kitanda cha yule mtoto aliyegonga mlango. Anasema ikinyamaza, anaamka yeye mwenyewe. Wiki iliyopita iliamsha nyumba yote mara mbili, na mara moja ilikuwa paka amelala juu ya waya.