Maneno mazito katika nyimbo za kantri

Ukitaja nyimbo za kantri mbele ya watu wetu wa Pwani, wengi hucheka. Husema hizo ni nyimbo za Wazungu wachunga ng'ombe wa Marekani, wavaao kofia pana na kulia na chupa mkononi. Mimi si mtaalamu wa muziki, ni msikilizaji wa redio tu. Hata hivyo naona kicheko hicho hakina haki, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuitazame asili yake. Katika mwaka wa 1927, Ralph Peer alipeleka mitambo ya kunasia sauti katika mji wa Bristol, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia. Hapo alinasa nyimbo za jamaa ya Carter, watu wa milimani, na za Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka uliofuata, 1928, Siti binti Saad wa Unguja, aliyepata kutembeza vyungu vya kuuza, alivuka bahari hadi Bombay akaimba taarabu katika santuri. Watu hao hawakujuana, lakini jambo lao lilikuwa moja: sauti ya mnyonge ilipata chombo cha kuifikisha mbali.

Na ilifika mbali kweli. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey aliwanasa wasichana wa Kikipsigis, hapa hapa Kenya, wakimwimba "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, lililogeuzwa na ndimi zao. Rodgers mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu 1933.

La pili ni maneno. Sisi watu wa mashairi twajua kwamba ala ni pambo, na maneno ndiyo mwili. Kantri nayo ni hivyo: gitaa hupigwa taratibu ili kisa kisikike. Dolly Parton, katika wimbo wake wa 1971, asimulia jinsi mama yake alivyomshonea koti la viraka huku akimpa kisa cha Yusufu, ambacho nasi twakijua katika Kurani. Mtoto alikwenda shuleni akijivuna, wenzake wakamcheka. Ni mzazi gani maskini wa Mombasa au Lamu ambaye hataelewa? Naye Loretta Lynn, mwaka wa 1970, aliimba bila haya kwamba yeye ni binti wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky.

La tatu ni hilo la kusema kwamba huu ni muziki wa Wazungu peke yao. Banjo, ala mashuhuri ya nyimbo hizo, ina asili ya Afrika Magharibi, ikapelekwa Marekani na watu waliotekwa utumwani. DeFord Bailey, Mwamerika mweusi, hodari wa kupuliza hamonika, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville, mpaka alipoachishwa mwaka wa 1941. Baadaye akaja Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, akawa mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa kantri. Basi tukiuacha muziki huu tukidhani hautuhusu, tutakuwa tumewanyima haki yao watu wa damu yetu.

Sikatai kwamba ulevi umo. Hank Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953 akiwa na miaka 29 tu, mwili wake umedhoofishwa na maumivu ya mgongo na pombe. Lakini mlevi wa nyimbo hizi aghalabu ni mtu wa kujuta, nyumba imevunjika na mke amekwenda zake. Kwangu mimi hilo ni onyo zaidi kuliko sifa. Ama hukumu ya ngoma na ala katika dini, hilo nawaachia masheikh, maana sikushika kalamu kutoa fatwa.

Ombi langu ni dogo. Siku redio itakapoleta wimbo wa namna hii, ndugu msomaji, usikimbilie kugeuza stesheni. Sikiza kisa mpaka mwisho, kisha ujiulize kama hakijapata kutokea mtaani kwenu.